Ndoo Nane za Jumamosi

Wanaume wenzangu wa hapa Tabata, Jumamosi asubuhi unajua pa kuwapata. Wapo walio kinyozi wakibishana Simba na Yanga, wapo walio kwenye supu, na wapo waliolala kwa haki yao kabisa. Mimi unanikuta sebuleni nimepiga magoti, mdomoni nina mpira wa maji, navuta. Ukivuta kidogo maji hayaji. Ukizidisha unameza. Nimeshameza mara nyingi kiasi kwamba siku hizi naweza kukuambia kwa ladha tu kama wiki hiyo chakula kilizidi.

Hesabu ni ndoo nane. Tenki langu la samaki ni la lita 240, na kila wiki theluthi ya maji yake lazima ibadilishwe. Hizo ni lita 80: ndoo nne za lita 20 kutoka, ndoo nne kuingia. Kila ndoo kilo 20. Nina mgongo ambao kwa shughuli nyingine zote za nyumbani unajulikana kuwa ni mbovu, na mke wangu amelibaini hilo.

Anayefaidi katika nyumba hii ni mchicha. Maji ya samaki yana mbolea, basi namwagia bustani iliyo nyuma ya jiko, na majani yamekuwa mapana kama ya magimbi. Majirani wakija kuomba fungu na kuusifia, mke wangu hujibu, "Ni kupalilia tu." Hata siku moja sijasikia akitaja ndoo.

Yote yalianzia kwa daktari wa meno. Pale kwenye benchi la kusubiri palikuwa na tenki pembeni, samaki wanapita taratibu kama watu wasiodaiwa, na nikajikuta jino limesahau kuuma. Nikasema nyumbani kwangu panahitaji kitu hiki. Nilirudi upande mmoja wa uso umekufa ganzi, nikatangaza kwamba nataka kununua samaki, na kwa kuwa nusu ya mdomo haikuwa ikifanya kazi, mke wangu akasikia sehemu tu ya habari. Akaniambia nichukue changu, ila wasiwe wadogo.

Kijana wa dukani alinipokea kwa heshima zote. "Mzee wangu, hapa unanunua utulivu wa roho." Utulivu wa roho una vifaa vingi. Nilitoka na tenki, chujio, pampu ya hewa, kokoto za rangi ya waridi, jahazi la plastiki lililozama, na hita. Narudia: hita. Chombo cha kupasha maji moto, Dar es Salaam, mwezi wa Januari, mji ambao ukifungua bomba saa nane mchana unaoga kwa kurukaruka. Hita hiyo ipo kwenye droo mpaka leo, na adha yangu ni ya upande wa pili. Maji yakichemka kwa joto la hapa hayabebi hewa ya kutosha, samaki wanapanda juu kutweta, kwa hiyo feni niliyoinunua kwa ajili ya chumba chetu cha kulala sasa inapepea uso wa tenki. Sisi tunafungua dirisha.

Halafu hakuna aliyenikumbusha kwamba maji ni mzigo. Lita moja kilo moja, tulifundishwa shuleni, lakini nani huenda dukani na daftari la shule? Ongeza kioo na mawe juu ya zile lita 240, unaikaribia kilo 300. Nilikuwa nimepanga kuliweka juu ya kabati la televisheni. Lilipofika nusu tu kabati liliinama kama mkwe anayeamkia, tukalikomboa kwa masufuria, na kesho yake nikamlipa fundi wa kuchomelea atengeneze meza ya chuma.

Samaki wa kwanza walikuwa wa dhahabu wanne na gapi kumi. Niliwamwaga humo siku ileile, katika maji yaliyotoka bombani yakiwa bado yananukia dawa. Siku ya nne wa dhahabu walikuwa wamekwisha wote, na katika gapi walibaki watatu. Kilichoniudhi ni kwamba maji yalikuwa meupe pee, ungeweza kusomea gazeti ng'ambo ya pili. Nikarudi dukani na maiti mmoja kwenye mfuko, kama ushahidi.

"Mzee wangu," kijana akasema bila aibu, "tenki lako halikuwa limeiva."

Ndipo, baada ya pesa kupita, elimu ikaanza. Kumbe kinyesi cha samaki, mabaki ya chakula na hata pumzi zao hutoa amonia, na amonia ni sumu isiyoonekana kwa macho. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo ina nafuu na ndiyo unayoitoa kwa ndoo. Bakteria hao huota wenyewe kwenye sponji la chujio na kwenye kokoto, lakini huchukua mwezi, hata wiki sita. Katika kipindi hicho unatakiwa ukae mbele ya tenki tupu, limewashwa, linanguruma, ukisubiri. "Hufugi samaki, mzee wangu. Unafuga maji."

Basi fikiria hali yangu. Nyumba yetu ina sabuni ya kuua bakteria wa mikononi, dawa ya kuua bakteria wa sakafuni na nyingine ya chooni, na zote nalipia mimi. Sasa natakiwa niwe na bakteria wa kufuga, niwatunze, niwaogope kuwapoteza. Nikawafuga. Wiki tano. Wageni walikuwa wanasimama wanatazama gapi watatu na jahazi la plastiki, wananiuliza wengine wako wapi, nami nasema wapo, ila ni wadogo sana.

Wiki ya sita dada wa kazi, kwa nia njema kabisa, aliliona sponji la chujio limekuwa kahawia na linateleza. Akalifua kwa sabuni ya unga, akalisuuza mara tatu, akalianika kwenye kamba katikati ya soksi zangu. Nilipofika jioni akanionyesha kwa furaha lilivyotakata. Mifugo yangu yote, wiki tano za kazi, inapunga upepo uani. Ungemwambia nini? Nilimwambia ahsante.

Jirani naye akaamua kunisaidia. Akaniletea kambare mdogo wa urefu wa kidole, akasema atasafisha tenki. Alisafisha kweli. Asubuhi hapakuwa na gapi hata mmoja, na kambare alikuwa amelala chini ya jahazi, ndevu zimetulia, tumbo limekaa upande. Ndugu zetu wa Ziwa Victoria wanaijua hadithi hii kwa ukubwa wake: sangara alipandikizwa kule kuanzia miaka ya 1950, na mpaka miaka ya 1980 furu, ambao zamani walijaa nyavuni, wakawa wa kutafutwa. Sikuhitaji ziwa kuthibitisha. Kambare akarudishwa kwa mwenyewe, na najua aliishia kwenye nazi, maana nililetewa bakuli.

Nikaenda dukani mara ya tatu, nimenuna. Kijana akaniuliza swali ambalo alipaswa kuniuliza siku ya kwanza: maji ya nyumbani kwako yakoje? Nikamwambia ya bomba ni ya kupika na kunywa, na hayana ratiba. Ya kazi nyingine, na hata ya birika bomba likikauka, tunanunua kwa ndoo kwenye kisima cha jirani, na hayo ni magumu, yana ka-chumvi, sabuni haitoi povu na birika limeota ukoko mweupe kama limepakwa chokaa. Nililalamika karibu dakika kumi. Yeye anatabasamu tu.

"Basi wewe ni wa mbuna."

Mbuna ni samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wadogo, wa buluu, wa njano, wenye milia, na duniani kote wanaofuga samaki wanawaita kwa jina hilohilo. Ziwa lao lina maji magumu kiasi, na kwingine wafugaji hununua chumvi maalumu kuyaiga. Mimi maji hayo ndiyo yaliyoniharibia birika mbili. Mara ya kwanza maishani nikamiliki kitu ambacho wengine wanakitafuta. Nikalipa shilingi 15,000 kwa kila mmoja, nikachukua sita.

Wanataka mawe. Duka lilikuwa na mawe ya kuuza, lakini kila mtu ana mpaka wake, na wangu ni kununua jiwe. Nikaenda kwenye kiwanja kinachojengwa, nikaokota ya matumbawe, ambayo kwa bahati huyafanya maji yabaki magumu. Jirani akaniona naingiza kiroba cha tatu, akaniuliza kama najenga ndani kwa ndani kukwepa kibali.

Na wana vurugu! Wa buluu mwenye milia, dume, alichukua jahazi na mawe yote, akawabana watano waliobaki kwenye kona moja ya juu, karibu na bomba la chujio. Nilimsema kwa kidole kupitia kwenye kioo. Nikarudi dukani kushtaki, na kijana akanipa dawa ambayo niliiona ni utapeli wa mchana: niongeze wengine kumi na wawili. Unaona watu wanapigana chumbani, unawaongezea watu? Lakini nikaongeza, kwa kinyongo, na vita vikapungua. Baadaye nikaelewa. Ni daladala. Ikiwa na abiria watano, wawili watagombania siti ya dirishani mpaka kituo cha mwisho. Ikijaa mpaka mlangoni, nani ana nafasi ya kunyanyua mkono? Mkorofi naye anashindwa kumchagua wa kumwonea. Ila kwa wingi huo wanachafua maji upesi, na hapo ndipo zilipozaliwa ndoo nane.

Chakula chao ni kidogo, hasa cha majani, maana kwao wanakwangua ukoga kwenye miamba, na nyama nyingi huwavimbisha matumbo. Nawachemshia mchicha, uleule. Hili nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika kwenye kioo. Shemeji yangu akaisoma yote, tena kwa sauti, kisha akawamegea andazi.

Mwezi uliopita jike mmoja akagoma kula. Siku tatu, tano, wiki. Amejificha nyuma ya jiwe, taya limetuna, anatafuna hewa. Nikasema andazi limejibu. Nikanunua dawa ya matone, nikatia, maji yakawa ya kijani. Nikanunua nyingine. Jike haponi, hafi, anatafuna tu.

Wiki hiyohiyo mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mbamba Bay, na kiroba cha usipa wakavu. Mama mkwe ni mtu ninayemheshimu kwa umbali. Tunasalimiana, tunaulizana habari za mashamba, basi. Mbele yake huwa navaa shati hata kama ni kwenda kuzima taa.

Usiku wa Alhamisi umeme ukakatika. Chujio kimya, pampu kimya, feni kimya, samaki 18 katika joto lile. Dawa ya hapo ni moja, nayo ni ya kijima: unachota maji kwa jagi, unainua juu, unayamwaga yashike hewa njiani. Unachota tena. Saa nane usiku nilikuwa hapo, kifua wazi, msuli umefungwa kwa haraka, tochi ya simu nimeibana kwapani, natia maji katika maji. Mlango wa chumba cha wageni ukafunguka.

Sidhani kama kuna mila inayoeleza mkwe afanye nini pale. Nilishika msuli kwa mkono wa jagi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akatulia. "Unafanya nini?"

"Nawapa hewa, mama."

Hakujibu kwa muda. Mimi natazama sakafu, maji yananitiririka miguuni. Kisha akasogea, akainama mbele ya kioo, akaomba tochi. Nikaitoa kwapani.

"Hawa si mbuna? Wa kwetu hawa." Akamulika nyuma ya jiwe. "Na huyu unamtilia dawa ya nini?"

"Anaumwa, mama. Wiki ya pili hali."

"Atakula vipi na watoto mdomoni?"

Dawa mbili, zote bure. Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, kwamba jike hutaga, huokota mayai kwa mdomo, hukaa nayo kama wiki tatu bila kula mpaka yawe samaki. Watoto wa kwao ziwani wanalijua hilo kabla ya kwenda shule. Akaongeza kwamba akiwatemea humu wenziwe watawala wote, kwa hiyo ahamishwe. Akatazama huku na huku, akaona ndoo zangu zimepangwa ukutani kusubiri Jumamosi, akachukua moja.

Jike akakaa kwenye ndoo siku tisa, na pampu yake ya hewa, na jiwe lake. Ndoo zikabaki tatu za kufanyia kazi ya nne. Jumamosi iliyopita, nikiwa na mpira mdomoni, binti yangu akapiga kelele kutoka uani. Vidogo kama punje za mchele, vinazungukazunguka pembeni mwa mama yao. Alivihesabu mara mbili, 19. Bibi yake akasema ndoo haitoshi, akamwaga nguo za mke wangu zilizokuwa zimelowekwa, akalisuuza beseni lile kubwa la kufulia mara tano mpaka likaisha povu, akaliweka chini ya mwembe.

"Baba," binti yangu akaniita, "njoo uone. Hili linachukua ndoo ngapi?"