Ndege ya Kikokotoo

Ukitaka kufika Kolwezi mapema kutoka Kisenge, huku Kongo, usihangaike kutafuta lori, fungua simu. Kikokotoo cha safari za anga kitakuambia kwamba mstari mnyoofu ni kama kilomita 250, na ndege ya pangaboi inayokwenda kilomita 500 kwa saa itaumaliza kwa nusu saa. Vikokotoo vyenye huruma huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Jumla saa moja, na nauli ya kuhesabu ni bure.

Hesabu ni safi kabisa. Hainunui mafuta, haina rubani, haijui mvua ya Januari inavyoigeuza barabara ya udongo kuwa uji. Mwonyeshe mama mwenye magunia ya mihogo mikavu na kuku aliyefungwa miguu, atakuuliza: “Ndeke yenyewe iko wapi, papa?” Kwa swali hilo, kikokotoo hakina kitufe.

Manganisi ya Kisenge nayo ilikuwa na njia iliyopimwa vizuri: reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, Angola. Mwaka 1975 vita vya huko vikaifunga. Umbali haukuongezeka hata mita moja. Marundo ya madini yakangoja miongo, yakiwa na subira kutushinda sisi.

Tangu 2015 Lualaba, ilimo Kisenge, ni jimbo kamili, makao yake makuu Kolwezi. Kwa hiyo, ndugu msafiri, karatasi zako za serikali ziko umbali wa nusu saa tu. Beba chakula cha siku kadhaa.