Kiputo Kilichopata Kumi kwa Kumi

Kila mtu ana siri yake. Kuna mwenye nyumba ndogo Manyoni, kuna mwenye deni la kikoba ambalo mkewe halijui. Yangu mimi ni kiputo. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilichora kiputo cha hewa, nikaandika chini yake kwamba ni seli ya kitunguu, nikapewa kumi kwa kumi na neno "safi sana" kwa wino mwekundu. Mama aliitembeza ile daftari kwa majirani.

Niliishi na heshima hiyo mpaka nikawa mwalimu wa baiolojia mwenyewe, hapa Kilimatinde. Ndipo nilipojua kuwa seli ya kitunguu haiwi duara, haina ukingo mweusi tii kama tairi la bajaji, wala haikimbii ukiigusa slaidi. Siku hiyo nilikosa hamu ya kula.

Shule ninayofundisha siitaji, mshahara bado nauhitaji. Tuna hadubini moja. Inakaa ofisini kwa mkuu, kwenye kabati la chuma, kati ya mafaili na kombe tulilopata UMISSETA zamani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi. Ukiitaka unaandika jina, tarehe na saa, unasaini, kisha unaibeba kwa mikono miwili, mmoja umeshika shingo yake na mwingine umekaa chini ya kitako, huku mkuu akikusindikiza kwa macho mpaka kona ya darasa.

"Mwalimu, hiyo darubini irudi kabla ya saa tisa."

Nimemweleza mara nyingi kuwa hii ni hadubini. Hadubini ni ya vitu vilivyo vidogo, darubini ni ya vitu vilivyo mbali. Akanijibu kuwa yote ni kuchungulia.

Halafu kuna vumbi. Mnaotufahamu mnajua tumekaa mdomoni kabisa mwa Bonde la Ufa. Upepo ukipanda ule ukingo unakuja na vumbi la Ugogo yote ya chini, nalo halina adabu, linaingia hata kwenye chupa yenye kifuniko. Likitua juu ya lenzi, nusu ya darasa wanalichora na kuliwekea mshale: "kiini".

Umeme siulalamikii, maana hadubini yetu ni ya kioo, inaokota mwanga wa nje na kuutupa juu kupitia tundu la meza yake. Ungedhani kwa jua letu, linaloweza kukaanga yai juu ya bati, tungekuwa matajiri wa mwanga. Wapi! Kioo hakielekezwi kwenye jua lenyewe, utaunguza jicho la mtoto wa mwenzio. Unakielekeza kwenye anga jeupe. Kwa hiyo hapa Kilimatinde, saa sita mchana, utamkuta mwalimu mzima anazungusha meza darasani akitafuta mwanga upande wa kivulini.

Na kitunguu? Mkoa wa Singida vitunguu ndiyo jina letu, malori yanavibeba kwenda mbali. Nikawaambia wanafunzi 62 kila mmoja aje na kimoja. Vilikuja tisa. Baada ya mapumziko vilibaki saba, na kachumbari ilinukia mpaka ofisini.

Hata hivyo saba vinatosha shule nzima. Unakata kitunguu, unachukua gamba moja nono, na upande wake wa ndani unabandua utando mwembamba, laini kama karatasi ya pipi. Unautandaza kwenye tone la maji juu ya slaidi bila kuukunja. Kisha unachukua kile kioo kidogo cha kufunikia, unakisimamisha pembeni ya tone, unakilaza kwa mshazari, polepole, kwa ncha ya sindano, kama unavyomlaza mtoto aliyesumbua usiku kucha. Ukikiangusha paa! umefungia hewa ndani. Hapo ndipo viputo vinapozaliwa, na hapo ndipo mimi nilipopatia sifa zangu.

Kipindi cha mazoezi ni dakika 80. Gawa kwa watoto 62, kila mmoja ana sekunde 77 za sayansi, na hapo sijatoa muda wa kusukumana. Ndani ya sekunde hizo afumbe jicho moja (wengine wanafumba yote mawili), atafute mwanga, azungushe skrubu, aone, ashangae, akachore.

Lenzi ya jicho inakuza mara 10. Chini yake zipo tatu za kuzungusha: ya 4, ya 10 na ya 40. Unazidisha, kwa hiyo unapata mara 40, mara 100 na mara 400. Nimewaimbia kuwa kazi inaanza na ile ndogo. Lakini nani Tanzania hii anapewa kikubwa akaanza na kidogo? Kila anayekaa anakimbilia ya 40, anaona giza, analalamika kuwa mashine mbovu. Si mbovu. Kadiri unavyokuza, ndivyo eneo unaloliona linavyopungua, mwanga unavyofifia, na lenzi inavyoikaribia slaidi. Kijana mmoja aliizungusha skrubu kubwa kwenda chini huku jicho liko juu, tukasikia "kau!" Slaidi ikawa mbili. Akaniambia, "Mwalimu, sasa nimeona mstari."

Waliofanikiwa kuona nao walikuja na kesi yao. Ukisogeza slaidi kushoto, picha inakwenda kulia. Ukiisukuma mbele, inarudi nyuma. Wanadhani hadubini ina kiburi. Niliwaambia wamuulize dereva yeyote wa trela anavyozungusha usukani akirudi kinyumenyume pale Manyoni, atawafundisha bure.

Binti mmoja wa dawati la nyuma alikaa kwenye stuli, akatulia, hakugusa kitu ila skrubu ndogo. Sekunde zake zilipokaribia kwisha akaniuliza bila kunyanyua kichwa:

"Mwalimu, nichore ninachokiona au cha kitabuni?"

Nikamjibu, "Chora vizuri." Hilo ni jibu la kiserikali, halimfungi mtu.

Jioni nikakusanya daftari 62. Jamani. Hamsini na sita zilikuwa na mchoro mmoja: seli nadhifu, ukuta wake, saitoplazimu yake, na katikati kiini kilichokaa kama mfalme. Sasa siku ile hatukuwa na iodini. Chupa yetu imekauka tangu muhula uliopita, na bila rangi ile kiini cha kitunguu kinajificha kama mdaiwa. Walikiona wapi? Walikiona ukurasa uleule wa kitabu ninaoujua hata kwa giza.

Tano zilikuwa na viputo. Moja, ya yule binti, ilikuwa na safu za matofali yaliyopindapinda, matupu, mengine yamekatika ukingoni. Hakuweka kiini. Chini ameandika: "Sikukiona."

Nilikaa na daftari hiyo mpaka chai ikapoa. Kwa sababu Mwingereza Robert Hooke, mwaka 1665, alichungulia kipande chembamba cha gome la kizibo, akaona vyumba vitupu, akachora vyumba vitupu, na jina la seli likatokana na vyumba hivyo. Naye hakuweka kiini. Kiini kilisubiri mpaka Robert Brown alipokipa jina mwaka 1831. Kwa mwongozo wetu wa kusahihisha, Hooke angepata nne.

Wala tusiende Uingereza. Mwaka 1905 Robert Koch alikuwa nchini humu, wakati wa Mjerumani, akifuatilia homa ya papasi, wale kupe wa sakafu za udongo ambao wazee wa Ugogo wanawajua kuliko wanavyowajua wakwe zao. Alikusanya papasi kwenye njia za misafara, akawapasua, akawaweka chini ya hadubini, akaona vijidudu vilivyojisokota kama springi, mpaka ndani ya mayai yao. Hakukuwa na ukurasa wa kunakili. Ilibidi atazame.

Na mwezi jana mimi mwenyewe nilishikwa na homa. Nikaenda hospitali, nikamsalimu bwana maabara "mbukwa", akanitoboa kidole, akapaka damu kwenye slaidi, akaitia rangi, akainama. Aliinama mpaka nikachoka kwa niaba yake. Kumbe kwenye damu nzito sharti apitie maeneo 100, moja baada ya jingine, kwa lenzi ya mafuta inayokuza mara 1,000, ndipo awe na ruhusa ya kusema hakuna. Akanyanyuka: "Mwalimu, malaria huna."

Nikakasirika. Nilishajipangia malaria, nyumbani nimeshaaga kwa malaria. Nikamwomba walau plasi moja. Akasema, "Siandiki nisichokiona."

Njia nzima nilimnung'unikia. Sasa, mbele ya daftari 62, nikafikiria kama yeye angesoma darasani kwangu. Angechungulia sekunde 77, angekumbuka picha ya kitabuni, angenipa plasi mbili na pole.

Hapo nikakumbuka na siri yangu vizuri zaidi. Kiputo kile nilikiona kweli, kwa jicho langu. Nilichokosea si kukichora. Nilikosea nilipokiwekea kiini katikati, kwa kuwa kitabu kilisema kipo. Zile alama kumi nilipewa kwa ajili ya kiini.

Basi nikachukua wino mwekundu. Wale watano nikawaandikia: "Hiki ni kiputo. Laza kioo kwa mshazari." Nikawapa sita. Binti nikampa kumi. Wale hamsini na sita nikawaandikia warudie, na najua wazazi watanijia juu.

Saa tisa kasoro tano siku ya pili, baada ya marudio, nilirudisha hadubini ofisini, slaidi ya mwisho ikiwa bado mezani pake. Mkuu akatazama huku na huku, akaondoa miwani, akainama. Miaka yote niliyokaa hapa sijawahi kumwona akifanya hivyo.

"Naona duara," akasema. "Lina ukingo mweusi. Hii ndiyo seli?"

Nikaufikiria mshahara. Nikameza mate.

"Hapana mkuu. Hicho ni kiputo. Sogeza kushoto."

Akasogeza, ikakimbilia kulia, akaguna, akairudisha. Kisha akanyamaza. Sekunde zake 77 zikaisha, nyingine 77 zikaisha, kengele ya saa tisa ikalia, yeye ameinama tu. Alipoinuka jicho lilikuwa jekundu na kovu la lenzi limemzunguka. Akanitazama kwa ukali kabisa, akaniuliza ni nani huyo anayeifungia kabatini darubini nzuri namna hii.