Waraka kwa wasimamizi wa makundi: anayeuliza hajatukosea

Ndugu wasimamizi wa makundi ya WhatsApp na Facebook, pamoja nanyi madaktari, wauguzi na walimu mlioko humo,

Nawashukuru kwa kazi mnayoifanya bila malipo, lakini nina malalamiko. Naomba mnivumilie.

Mama mjamzito akiandika katika kundi la ukoo, "Jamani, ni kweli sindano ya pepopunda inafunga kizazi?", tunajua kitakachofuata. Vikaragosi vya kicheko vinamiminika. Mmoja anamwambia aache ushamba. Daktari wetu, tunayejivunia kuwa naye, anaandika "Huo ni uzushi" kisha kimya. Msimamizi anafuta ujumbe ili amani irudi. Wakati huohuo mtu mwingine anamfuata mama yule faraghani, anamwita dada, anamsikiliza, anamtumia sauti ndefu na pengine bei ya dawa zake za mitishamba. Ninyi ndio mliompeleka huko.

Swali lake lina asili. Mwaka 2014 maaskofu Katoliki wa Kenya walitangaza hadharani kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa katika kampeni ya taifa ilikuwa na hCG, homoni ya ujauzito, na kwamba wanawake walikuwa wakifungwa uzazi kwa siri. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Mtu aliyelisikia jambo kutoka kwa askofu wake hastahili kuitwa mshamba kwa kutaka kulihakiki.

Halafu kuna sehemu ambayo wengi wenu hamuijui, na ndiyo inayowaangusha. Utafiti wa chanjo ya kuzuia mimba iliyounganishwa na ile ya pepopunda ulikuwepo kweli. Profesa G. P. Talwar na wenzake waliufanya India na kuchapisha matokeo ya majaribio kwa wanawake mwaka 1994, na Shirika la Afya Duniani nalo liligharimia utafiti wa aina hiyo. Kwa hiyo daktari akisema "hakuna kitu kama hicho duniani", mzushi anamtumia mama makala ya kisayansi, halisi kabisa, na tangu hapo daktari ndiye anayeonekana mwongo.

Jibu la haki huanza kwa kukubali hilo, kisha linaendelea. Chanjo ile ya majaribio siyo hii ya kliniki. Vipimo vilivyodaiwa kuonyesha hCG kule Kenya vilitumia njia zilizotengenezwa kwa ajili ya damu na mkojo wa binadamu, na viambato vya chanjo vinaweza kuvuruga majibu yake. Kwa nini walengwa walikuwa wanawake wa umri wa kuzaa? Kwa sababu pepopunda humwingia mtoto mchanga kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, na kinga pekee aliyonayo siku hizo ni ile aliyopewa na mama yake akiwa tumboni. Kwa nini dozi kadhaa? Kwa sababu moja haijengi kinga ya kutosha; mwanamke ambaye hakuchanjwa utotoni hupangiwa hadi tano. "Mbona wanawake tu?" ni swali ambalo mwanafunzi wa uuguzi angesifiwa kwa kuliuliza darasani. Kwenye kundi letu linachekwa.

Mkidhani haya ni mambo madogo, tazameni Kano, Nigeria. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto dawa yake ya Trovan. Baadhi walikufa, na familia zikashitaki zikidai hazikuombwa ridhaa ipasavyo. Kampuni ilikana kosa, ikaja kukubaliana na jimbo kuhusu fidia mwaka 2009. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2003, Kano ilisimamisha chanjo ya polio kwa hofu kwamba inaleta utasa. Hofu ile ilikosea kuhusu polio, lakini haikutokana na ujinga. Chanjo iliposimama, kirusi cha polio kilisambaa nchi nyingi, kikafika hadi Yemen na Indonesia. Kano ilirudi kuchanja mwaka 2004, baada ya kukubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Kilichosaidia ni kushughulikia shaka yenyewe.

Wapo wasimamizi wenye kosa la upande wa pili: "Kila mtu ana mawazo yake, tuheshimiane." Hapana, ndugu zangu. Mama ameuliza jambo lenye jibu, nanyi mnamwachia sauti mbili zilizolingana achague mwenyewe huku tumbo likikua. Huo ni uoga, hata ukivaa kanzu ya adabu.

Na aliyejibiwa kwa ukamilifu, akarudi na sauti ileile kila wiki bila kugusa hata neno moja la jibu, huyo haulizi tena. Mzuieni; sitawalaumu.

Ombi langu ni hili. Sauti ya pepopunda ikirudi, na itarudi, msiifute kabla haijajibiwa. Muuguzi wa kundi ajibu naye kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, akianza na kilicho kweli, na jibu lake libandikwe juu ya kundi. Walio kimya wanasoma, na miongoni mwao kuna wajawazito ambao hawajathubutu kuuliza.

Wasalaam,
Mwanakundi mwenzenu