Weka Tena, Haijasoma

Mfyuu! Jamani, tena? Mama mmoja wa Kishapu, wanasema, pamba kauza, hela kaiacha kwenye simu ili asiibiwe. Simu ikaita. "Mama, mwanao kaangukiwa na duara huku machimboni Nyarugusu. Hospitali wanataka laki mbili ndipo wamguse. Tuma namba hii, jina litakuja la muuguzi." Mama katuma. Mwana mwenyewe saa hiyo yuko kwenye karasha anasaga mawe, mzima, vumbi mpaka kwenye kope. Simu yake tu imekata chaji.

Hapa kijiweni Katoro kahawa imepoa watu wakibishana. Kijana wa bodaboda anasema mama kazubaa. Kazubaa? Wewe umeshazaa? Kila mwenye kijana machimboni analala akiiogopa simu hiyo hiyo, kwa sababu maduara huanguka kweli. Tapeli hakutunga kitu. Kaikuta hofu ya watu, kaiwekea namba ya kupokelea pesa.

Matapeli wa zamani walikuwa wavivu. "Ile hela itume kwenye namba hii," basi, wanaurusha ujumbe kwa watu elfu wakingoja mmoja anayedaiwa kodi ya chumba. Au "jiunge na Freemason utajirike." Tukacheka, tukafuta. Sasa hebu itazame hiyo "jina litakuja fulani." Jina la mpokeaji liliwekwa pale ili usimame kabla ya kuingiza namba ya siri, ujiulize unamtumia nani. Mwizi anakutajia jina mapema. Likitokea kweli, unapumua: aa, ndiye. Kufuli la nyumba yako kaligeuza kitasa cha kuingilia.

Na hilo jina ni la nani? Hapo ndipo ninaposonya mpaka jino linauma. Desemba 2019 Rais Magufuli alisajili laini yake kwa alama za vidole kwao Chato, akaongeza siku 20 za usajili, mwisho ukawa Januari 20, 2020. Tulipanga foleni juani, NIDA mkononi, tukiambiwa kila laini sasa ina mwenyewe. Ni kweli, ina mwenyewe. Ila mwenyewe hajui.

Tazama dole la mchimbaji. Miaka kumi ya moko na nyundo, zebaki, mchanga wa marudio. Mistari imefutika kama njia ya ng'ombe baada ya mvua. Mkulima wa jembe vilevile. Unaenda kwa kijana wa mwavuli kusajili laini moja. "Mzee, haijasoma. Weka tena." Unaweka. "Futa jasho. Weka tena." Unaweka, na unamwomba radhi juu! Kumbe mara ya kwanza ilisoma, na ya pili ikasoma laini nyingine, inayobaki mfukoni mwake kungoja mnunuzi. Si wote, wapo waaminifu. Lakini nani kati yetu alihesabu?

Kuna wanaojifariji kwamba taarifa za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimekuwa zikizitaja Rukwa na Morogoro kuwa vinara wa majaribio ya utapeli, si Geita wala Shinyanga. Mfyuu! Laini haina miguu? Dole liliwekwa Masumbwe, simu inaweza kupigwa kutoka Sumbawanga.

Haya, mama afanye nini? Angekata simu, ampigie mwana, na mwana asipopatikana ampigie jirani yake wa kambini. Pesa ikishatoka, apige 100 ya mtandao wake saa hiyo hiyo, asingoje kesho, maana tapeli yuko njiani kwa wakala kuitoa. Namba ya tapeli aitume 15040, kisha aende polisi kuchukua RB. Na huyo anayejiita wa huduma kwa wateja, "tunaboresha mfumo, bonyeza hivi, ingiza namba ya siri," mitandao inasema kila siku kwamba inampigia mteja kwa 100 peke yake. Mawakala nao wanaliwa hivyo hivyo, tena floti nzima. Wanaona aibu kusema.

Nikawaambia wapige *106#, kila mtu aone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yake. Wa bodaboda moja. Muuza kahawa mbili, zote zake. Mzee wetu, mstaafu wa maduara, tukampigia sisi kwa sababu macho hayaoni vizuri. Zikaja namba tatu.

"Mzee, una simu ngapi?"

"Si hii hapa."

Akatulia. Akalitazama dole lake, akalisugua kwenye kanzu kama vile lina tope.

"Kwa hiyo yule mama wa Kishapu," akasema, "jina lililotokea linaweza kuwa langu?"