Kamusi ya Basi la Garissa

Msafiri wa meli hufunzwa kabla ya nanga kung'olewa kwamba mbele ni omo na nyuma ni shetri. Wa basi la kutoka Eastleigh, Nairobi, kwenda Garissa hafunzwi kitu, na huku ndiko kwenye msamiati mgumu.

Anza na neno Kenya. Mzee wa Garissa akikwambia mwanawe "yuko Kenya", usifungue ramani. Kijana yuko Nairobi, kilomita kama 370 hivi, na mzee mwenyewe ana kipande cha Jamhuri mfukoni. Msemo huo una wazazi: Waingereza waliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, Garissa ikiwemo, hata ukitaka kuingia au kutoka ulihitaji pasi. Wao walienda zao, msemo ukabaki.

"Dakika mbili tu" ni lugha ya kizuizi cha barabarani. Maana yake shukeni nyote, pangeni foleni juani, vipande mkononi. Basi lenyewe husogea mbele bila kuulizwa kwao ni wapi. "Ukaguzi wa kawaida" nao ni ule unaokuhusu wewe wa kaskazini. Jirani aliyepandia Mwingi anaweza kuendelea na usingizi wake.

Februari 2025, Rais Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba mchujo wa ziada kwa waombaji vitambulisho kaskazini umekwisha. Hongera, walalo (yaani ndugu). Sasa kitambulisho utakipata upesi. Ila kiweke mfuko wa shati, si ndani ya begi, maana utakitoa tena kabla ya kuliona daraja la Tana.