Ukijenga Vyumba, Usihesabu Miezi Kumi na Miwili

Mnh! Hivi jamani, nani aliyewaaminisha watu wa Dar es Salaam kwamba nyumba ya kupangisha ni pensheni? Kila anayekaribia kustaafu wimbo wake ni mmoja: "Nikishika changu nashusha vyumba, nakula kodi mpaka naingia kaburini." Anakula kodi! Loh! Kana kwamba kodi huota ukutani, na kazi ya mwenye nyumba ni kupita asubuhi na kikapu kuchuma.

Tumewaona, nanyi mmewaona. Mtu ametumikia kazi miaka thelathini, kikokotoo cha mafao kimemkaba koo. Hata pale sehemu ya mafao inayolipwa kwa mkupuo ilipopanda kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa kundi lake mwaka 2024, mkupuo haukufika ule alioupigia hesabu ujanani. Basi hela hiyo hiyo ndogo anaikimbiza Chanika au Kivule bila kukaa chini na kalamu. Bati la rangi, jipsamu yenye taa za kila namna, marumaru ya kung'aa mpaka msalani. Ukimuuliza, "Mzee wangu, nyumba nzima utapangisha kwa bei gani?" anajibu bila kupepesa: "Laki tatu." Laki tatu! Huko ambako ukishuka daladala unapanda boda, na ukishuka boda unavua viatu kuvuka korongo! Huyo mwenye uwezo wa kulipa laki tatu kila mwezi atafuata nini huko, jamani?

Haya, tumpe hiyo laki tatu yake. Tuseme nyumba imekula shilingi milioni 60, kiwanja humo humo. Laki tatu mara miezi 12 ni shilingi 3,600,000. Hiyo ni asilimia 6 kwa mwaka. Itapita miaka 16 na ushei ndipo hela yake irudi, na hapo tumejifanya hakuna kitasa kitakachong'oka wala mwezi utakaopita bila mtu. Mwaka 2021 serikali ilitoa hati fungani ya miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na hati fungani haina choo cha kuziba wala haimwiti fundi. Sisemi watu wasijenge! Nyumba unairithisha wanao, na lami ikikufikia kiwanja kinapanda bei. Nasema watu wapige hesabu. Maana yupo hata anayekopa benki kwa riba ya asilimia 15 ili ajenge kitu cha kumrudishia asilimia 6. Huyo hata msonyo haumfai. Huyo ni wa kushikwa mkono na kukalishwa chini.

Halafu njoo kwenye kodi yenyewe ikishaingia. Hapa mjini mpangaji anadaiwa ya miezi sita kwa mpigo. Mwenye nyumba anashika milioni moja na laki nane siku moja. Aka! Utamweza? Kwenye mchango wa harusi ya mpwa anakuwa mwenyekiti wa kamati, suti mpya, mbuzi wawili. Mwezi wa tatu pampu ya kisima inaungua, mpangaji anachota maji kwa jirani, na baba mwenye nyumba simu hapokei. Kumbe hela aliyoila ilikuwa ya miezi ambayo bado haijafika!

Na mpangaji akiondoka? Hapo ndipo kichaa kinapopanda. Nyumba inakaa wazi, buibui wanapanga bure, na mwenye nyumba kakaza shingo: "Sishushi hata mia." Miezi mitatu ya kukaa wazi ni laki tisa zimeyeyuka. Angeshusha elfu hamsini akapata mtu siku ile ile, kwa mwaka mzima angepoteza laki sita. Lakini nani atamwambia? Dalali? Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kila mpangaji anayeingia, kwa hiyo mpangaji anayehamahama ndiye riziki yake. Atakuletea "kijana bachela, mtulivu, hana mambo mengi," na jioni lori linashusha magodoro matano, spika mbili na shangazi.

Tusisahau umeme wa LUKU, uwanja wa vita wa mji huu. Kwingine nyumba imegawiwa vyumba: wapangaji wanne, mita moja. Nani ana friji, nani anapiga pasi usiku, nani jiko lake la umeme linachemsha maharage tangu alfajiri. Yamewahi kutokea mtaani kwetu mpaka mjumbe akaitwa. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021, na tangu 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, ingawa anayekatwa ni mpangaji anayenunua umeme. Mpangaji mmoja, mama mpole kabisa, akaomba kwa heshima arudishiwe anachokatwa. Mwenye nyumba akafoka, "Kama huwezi, hama!" Mama wa watu akahama. Jamani! Kwa shilingi 18,000 za mwaka mzima amemfukuza mtu aliyekuwa akilipa bila kusukumwa, nyumba ikakaa wazi mpaka mvua za masika zikapita.

Na bado kuna mengine ambayo siku ya ramani hakuna anayeyataja. Gari la kunyonya shimo la choo. Rangi kila mpangaji anapotoka. Kodi ya ardhi kila mwaka. TRA na asilimia 10 yao ya pango. Tena kuna wanaonunua kiwanja kwa maneno matupu ya muuzaji, wakati yaliyotokea Kimara mpaka Kiluvya mwaka 2017 kila mtu aliyaona: alama ya X nyekundu ukutani, halafu katapila likabomoa nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Hifadhi hiyo haijui kama uliweka marumaru.

Ndugu zangu, hesabu ni hii. Kodi ya mwaka ihesabu kuwa miezi kumi, si kumi na miwili. Katika hiyo kumi, mmoja ni wa mafundi, na uuweke mahali ambapo kamati ya harusi haifiki. Hela ya jipsamu inunulie kila mpangaji mita yake na maji yasiyokatika, maana mtu hahami nyumba kwa kukosa taa za dari, anahama kwa kuchoshwa na ndoo na ugomvi. Na kabla hujamwita fundi, nenda mtaa huo huo kama mtafuta chumba. Mpe dalali hela ya kukuzungusha, akuonyeshe kila kilicho wazi na bei yake. Akikuonyesha vyumba kumi kabla ya adhuhuri, vyote vipya, vyote vina marumaru, hela hiyo uliyompa ndiyo ya faida kuliko zote utakazotumia. Rudi nyumbani na kiinua mgongo chako kikiwa kizima, ukatafute mtaa mwingine.