Maajabu Saba ya Kale, kwa Mpangilio wa Umbea

Wengine hupanga maajabu kwa ukubwa. Hapa tunapanga kwa umbea, tukianzia mkiani.

7. Piramidi Kuu ya Giza. Ilikuwa na mita 146 hivi ilipokamilika, na kati ya yote saba ndiyo pekee iliyosimama hadi leo. Mzee hana kashfa, basi ashike mkia.

6. Mnara wa taa wa Alexandria. Matetemeko yaliuangusha. Karne ya 15 Sultani Qaitbay akajenga ngome papo hapo, mawe ya mnara yakaingia ukutani. Bajeti ni bajeti.

5. Kaburi la Mausolus, Halicarnassus. Mjane wake, Artemisia, alikuwa pia dada yake. Inasimuliwa kwamba alikoroga majivu ya marehemu kwenye kinywaji, akanywa. Tuendelee.

4. Zeus wa Olympia. Mchongaji Phidias alimkalisha kitini, pembe za ndovu na dhahabu, mita kama 12. Mwanajiografia Strabo alinung'unika: mungu akiinuka tu, paa halipo. Nani alipima dari?

3. Sanamu ya Rhodes. Tetemeko la mwaka 226 K.K. liliikata magotini, haijamaliza hata miaka 60. Watu wakazidi kuja kuitazama ikiwa chali. Mwandishi Mroma Pliny anasema wachache tu waliweza kukumbatia kidole gumba chake.

2. Hekalu la Artemis, Efeso. Mwaka 356 K.K. Herostratus alilitia moto ili apate jina. Waefeso wakapiga marufuku kumtaja. Umemsoma sasa hivi.

1. Bustani za Kuning'inia za Babeli. Eti Mfalme Nebukadneza alimpandia mkewe miti juu ya matao, maana bibie alikuwa na hamu ya milima ya kwao Umedi. Wenzake hupeleka kanga. Ajabu ni kwamba Nebukadneza, bingwa wa kujisifu, aliandika kuhusu kuta, malango na mahekalu yake, bustani, kimya. Mwanahistoria Herodotus naye kimya. Robert Koldewey, Mjerumani aliyeanza kuchimba Babeli mwaka 1899, alikuta vyumba vya matao na kisima, akashangilia. Vibao vya udongo vya humo viliposomwa, kumbe ni orodha za mgao wa mafuta, na jina la Yehoyakini, mfalme mateka wa Yuda, limo! Stoo, jamani.

Stephanie Dalley wa Oxford anasema tumebisha hodi nyumba siyo: bustani zilikuwa Ninawi, kwa Senakeribu, mfalme wa Ashuru. Wenzake hawajakubaliana naye wote, ila daraja la mawe la kupitishia maji ya mfalme huyo bado lipo Jerwan, kaskazini mwa Iraki. Na Senakeribu hakuwa mtu wa kuficha: aliandika habari za mifereji, za bustani, hata za uzuri wa mkewe.